UZI: Mtoto aliyenyang'anywa jina vitani. Hadithi ya kihistoria kwa watoto wa miaka 9 hadi 12 iandikwe vipi?

#1 Mwana Mkomani (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau wa vitabu, wa Amu (Lamu), wa Malindi na kwengineko.

Uzi huu ni wa jambo moja: hadithi ya kihistoria ya watoto ambamo vita vinamwondolea mtoto jina lake, lugha yake na watu wake. Miswada mingi ya aina hii huharibika mapema. Mwandishi anasema "alipoteza utambulisho wake" ukurasa wa tatu, halafu anaendelea na mabomu. Mtoto wa Gredi ya 5 hajui utambulisho ni kitu gani. Anachojua ni kuitwa akaitika, kulala ubavuni mwa nduguye, na kujua mlango wa kwao ni upi hata gizani.

Tuweke ukweli wa kihistoria mezani kwanza. Katika Vita vya Pili vya Dunia utawala wa Hitler uliteka watoto wa Poland, Slovenia, Chekoslovakia na nchi nyingine, wale ambao nywele na macho yao yalikuwa ya rangi iliyotakiwa, ukawageuza Wajerumani. Shirika la Lebensborn, lililoundwa Desemba 1935 na SS, kikosi cha chama cha Hitler, ndilo lililowapeleka wadogo kwenye familia za Kijerumani. Wa miaka 2 hadi 6 walielekezwa huko, wa miaka 6 hadi 12 wakaelekezwa shule za bweni. Mtoto alipewa jina jipya na cheti kipya cha kuzaliwa chenye mahali pa uongo, na akikutwa akisema lugha ya kwao aliadhibiwa. Jina jipya mara nyingi lilichaguliwa lifanane na la zamani, aitike upesi.

Halafu kuna Lidice, kijiji cha Chekoslovakia kilichoangamizwa na Wajerumani. Tarehe 10 Juni 1942 wanaume 173 walipigwa risasi kijijini, wanawake wakapelekwa kambi ya Ravensbrück, na baadaye watoto 82 wakauawa Chełmno, kambi ya mauaji huko Poland. Waliorudi baada ya vita ni watoto 17, na baadhi yao walikuwa hawajui tena Kicheki. Mama anamkumbatia mwanawe na hawana lugha ya kusemezana.

Swali langu: hayo yote yanaingiaje katika hadithi ya Kiswahili, hatua kwa hatua, bila kugeuka somo la historia?

#2 Kalamu ya Gede

Mleta uzi umefungua pazuri. Nianze na umri wa mhusika, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na hawajui wamekwama wapi.

Mtoto wa miaka 3 au 4 akitengwa na lugha yake husahau upesi sana, pengine ndani ya mwaka. Lakini huyo hawezi kubeba hadithi, hana maneno ya kueleza anachopoteza. Mtoto wa miaka 11 ana maneno, ila hasahau. Anaweza kunyamaza na kujifanya, lakini lugha ya mama haimtoki yote. Ukimwandika wa miaka 11 aliyesahau kila kitu kufikia sura ya tano, msomaji wa miaka 11 atakukatalia.

Dawa ni ndugu wawili. Mkubwa miaka 10, mdogo 4. Mkubwa ndiye anayeona, mdogo ndiye anayesahau. Hapo uzito wote unakaa kwa yule anayekumbuka: anamwita mdogo wake jina la nyumbani, na mdogo hageuki. Tena inalingana na historia, kwa sababu wadogo na wakubwa walitenganishwa kwa umri. Usiwaweke nyumba moja mpaka mwisho wa vita, itakuwa uongo. Wape wiki chache pamoja kwenye kituo cha mpito, kisha watengane, na wakutane tena kwa bahati tu.

Sura zikiwa kumi, utengano usizidi sura ya nne. Ukiuchelewesha hadi ya saba, hakuna nafasi ya kuonyesha kusahau, na kusahau ndiko hadithi yenyewe.

#3 Maalim Langoni

Nakazia la Kalamu ya Gede, na naongeza la lugha.

Sisi wa Amu tuna chombo ambacho wengine hawana. Lugha ya nyumbani ya mhusika iandikwe kwa Kiamu, lugha ya wateka iandikwe kwa Kiswahili cha shuleni. Sura ya kwanza mdogo anasema:

"Ndoo uone, mai yameyaa ndiani!"

Sura ya tano:

"Njoo uone, mai yamejaa njiani."

Sura ya nane:

"Njoo uone, maji yamejaa njiani."

Mwandishi hakusema popote kwamba mtoto anasahau. Neno la mwisho kutoka liwe *mai*, kwa kuwa ndilo alilolisema kwanza alipokuwa mchanga akiomba kunywa. Mtoto wa Lamu akisoma hayo ataona mwenyewe, na wa Nairobi ataona baada ya kurudi nyuma kurasa chache.

#4 Binti Shela

Maalim, kwa heshima zote, hapo kuna mtego. Ukiweka Kiamu upande wa mama na Kiswahili sanifu upande wa aliyemteka, unamwambia mtoto kwamba lugha ya kitabu chake cha darasani ni lugha ya mwizi. Ndiyo hiyo hiyo atakayoandikia mtihani. Tena msimulizi wako anasema Kiswahili gani? Kama ni sanifu, basi msimulizi yuko upande wa wateka tangu ukurasa wa kwanza.

Mbinu ya Kiamu itumike pale ambapo mhusika ni wa Lamu kweli. Kwa mtoto wa Poland fanya hivi: lugha ya nyumbani iwe Kiswahili kizima, chenye nyanya, ami na shangazi, chenye methali, utani na majina ya kubembeleza. Lugha mpya iwe Kiswahili kilichokauka. Amri tupu. "Simama. Kula. Nawa." Hakuna anayeitwa kaka wala dada humo. Kadiri mtoto anavyoizoea, sentensi zinarefuka, na hapo hapo ile ya nyumbani inaanza kutoboka: anataka kusema "kizingiti" na neno haliji, anasema "kile cha chini cha mlango". Baadaye anasema "kile". Mwisho anaonyesha kwa kidole.

Maneno ya kutoboka yawe matatu au manne tu, yachague mapema, yatokee sura ya kwanza yakiwa mazima katika mandhari ya furaha. Ukitoboa maneno ishirini msomaji hatashika hata moja.

#5 Maalim Langoni

Binti Shela, nimekubali. La msimulizi sikuliona. Kiamu kibaki kwa hadithi ya Kiamu.

#6 Kadzo Sabaki

Wadau, mbona tunavuka bahari kutafuta mtoto aliyepoteza jina, na Malindi iko hapa? Vya Ulaya viandikwe, sikatai, lakini tuviweke pamoja na vya kwetu.

Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, alikamatwa 1913 akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi Giriama. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, siku ile ile Uingereza ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya mapigano, Wagiriama walitozwa faini, wakalazimishwa kutoa vijana wa kazi na kuhama ardhi ya kaskazini ya mto Sabaki. Na vita vikaendelea kula wapagazi wa Afrika Mashariki. Wale ndio waliobakisha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Ni tumbo la kuhara damu, malaria na kichomi, chini ya mzigo wa kama kilo 25. Unga wa mahindi uliokobolewa vibaya, uliopikwa haraka pasipo kuni za kutosha, uliwakwangua matumbo watu ambao wengine hawakuuzoea.

Katika jeshi lile mtu alikuwa namba. Hapa ndipo Kiswahili kinapomzidi Mzungu kwa uandishi. Angalieni:

*Karani hakuinua kichwa.*
*"Jina?"*
*"Charo wa Dzombo."*
*Kalamu ikasita. Sauti ile ya katikati haikuwa na herufi mkononi mwake. Akaandika Chalo Jombo, akapangusa kwa kidole, wino ukasambaa. Akaandika namba juu yake.*
*"Hii isipotee. Ikipotea hulipwi."*

Charo kwa Kigiriama ni safari. Jina lilikuwa na maana, na sasa halina. Kisha sura inayofuata mnyapara anasema: "Namba 3106 hajala." Sura moja mbele: "Namba 3106 haijala." Herufi moja imeingia, na kijana ametoka kwenye ngeli ya watu ameingia ngeli ya vitu. Mwishoni: "Imekufa." Msieleze. Mwacheni mtoto asome kwa sauti, sikio lake litashtuka lenyewe, kwa sababu tangu darasa la pili anafundishwa kwamba mtu ni *a*, si *i*.

Tahadhari ya kikazi: mhariri atasahihisha. Ataona "imekufa" akafikiri ni kosa la upatanisho wa kisarufi, ataweka "amekufa", na hadithi imekwisha hapo. Andika pembeni mwa muswada, kila mahali: *iachwe hivi kwa makusudi*. Na uikague tena kwenye nakala ya mwisho kabla ya chapa.

#7 Mwana Mkomani

Kadzo, hili la ngeli sikuwa nimeliona kwenye uandishi wa watoto. Je, namvika kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni huyo Charo?

#8 Kadzo Sabaki

Hapana, na hilo ni kosa la kawaida mno. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 lakini utekelezaji wake ulianza baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920. Kile kijaluba cha chuma cha kuning'inia shingoni ni cha wakati huo. Mpagazi wa 1917 alikuwa na kisahani cha namba cha jeshi. Ukitaka kuvitumia vyote viwili, mdogo wake Charo ndiye avae kipande mwishoni mwa kitabu, miaka mitatu au minne baadaye, na msomaji aone uzi ule ule shingoni.

Na mengine ya kuchunga katika hadithi ya Malindi ya 1914:

Hakuna anayesema "Kenya" akimaanisha nchi. Koloni la Kenya ni la 1920. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiukodi tangu 1895, na bendera ya Sultani ilikuwa ikipepea.

Fedha ni rupia. Shilingi imeingia 1921.

Wanawake na wanaume wa Kigiriama walikula viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Taja viapo, lakini usitunge maneno yake wala usieleze yanafanywaje. Wazee wa kaya wapo, muswada upelekwe kwao kabla ya kwenda kwa mchapishaji.

Kigiriama kidogo kinatosha: *madzi* (maji), *mudzi* (mji), *charo*. Kila neno litokee mara tatu kabla hujalitegemea, na maana ionekane kwenye kitendo. Kamusi nyuma ya kitabu watoto hawaifungui.

#9 Kalamu ya Gede

Kwa anayetaka daraja kati ya Ulaya na huku, lipo, na ni la kweli. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 sehemu yao walitoka kupitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, watu wapatao 5,000, na nyingine Masindi na Koja, Uganda. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na mayatima walikuwa wengi.

Mtoto wa Kipolandi na mtoto wa Kiswahili wanaweza kukutana kihistoria bila kulazimisha. Lakini msichanganye: hawa wa Tengeru waliondolewa kwao na Wasovieti, wale wa Lebensborn walitekwa na Wajerumani. Mtoto wa Tengeru hakubadilishwa jina kwa hila. Alipoteza baba, nyumba na nchi, na lugha yake akabaki nayo, kambini kulikuwa na shule za Kipolandi. Ni hasara nyingine, iandikwe kwa namna nyingine. Na ni Tanganyika, si Tanzania.

Baridi ya Siberia kwa msomaji wa Lamu: "theluji nyeupe kama pamba" haimfikii. Pamba ni ya joto. Tumia barafu ya masanduku ya samaki gatini, ile ambayo ukizamisha mkono kutafuta changu aliye chini, vidole vinauma kwanza, halafu haviumi, halafu huvijui kama ni vyako. Hapo ndipo baridi inapoua.

#10 Mpiga Chapa

Niseme la vipimo, kwa sababu waandishi huleta maneno 25,000 wakasema ni kitabu cha Gredi ya 5.

Kitabu hukunjwa kwa mikunjo ya kurasa 16, kwa hiyo ni 32, 48, 64 au 80. Ukileta 67 utalipia 80 na 13 zitakuwa tupu. Kwa umri huu chagua 64, ukubwa wa A5, herufi za pointi 14. Toa kurasa 6 za jina, haki, ramani na maelezo ya historia. Toa 10 za picha nzima. Zimebaki 48. Ukurasa mmoja hubeba maneno kama 190. Una kama maneno 9,000, basi. Sura kumi za maneno 900.

Ramani iwe moja na iwe na majina manne au matano tu. Ramani yenye majina thelathini kwenye A5 haisomeki.

Kwa vitabu vya Lamu gundi ya mgongo huachia kwa unyevu wa bahari. Kurasa 64 zinachukua pini mbili za katikati bila taabu, ila omba pini zisizoshika kutu, la sivyo baada ya kusi moja kila kitabu kina madoa ya kahawia katikati.

#11 Binti Shela

La vifo. Umri huu wanaweza kubeba kifo, hawawezi kubeba namna ya kifo. Lidice iandikwe kutoka kwa kilichobaki: viatu, daftari lenye hesabu nusu, mbwa. Idadi ya 82 iende kwenye maelezo ya nyuma, na hapo usiseme uongo wala usipunguze. Pale Lidice kuna sanamu za shaba za watoto hao 82, za mchongaji Marie Uchytilová. Hiyo inafaa kuwa picha ya mwisho ya kitabu, bila maneno chini yake zaidi ya jina la mahali na mwaka.

Sura mbili nzito zisifuatane. Katikati weka sura ya chakula, mchezo au mnyama, lakini ifanye kazi: humo ndimo utakapopanda lile neno litakalotoboka baadaye.

Na tafadhali, mwokozi asiwe mgeni anayeshuka kwenye gari la jeshi. Baada ya vita shirika la misaada la UNRRA, na kuanzia 1947 lile la wakimbizi, IRO, lilitafuta watoto waliopotea, na kazi yenyewe ilikuwa makaratasi: cheti cha uongo kulinganishwa na orodha, alama ya kuzaliwa, picha ya zamani. Wengine hawakupatikana. Wengine walipatikana wakakataa kuondoka, kwa sababu mama wanayemjua ni yule wa Kijerumani. Liandikwe hilo pia. Mama mlezi asigeuzwe zimwi. Akiwa mwema ndipo msomaji atakapoumia sawasawa, kwa kuwa ataelewa kwa nini mtoto analia pande zote mbili.

#12 Mwana Mkomani

Limebaki moja linalonikereketa. Msimulizi amwite mtoto jina lipi baada ya kubadilishwa? Tuseme Zosia amekuwa Sofie.

#13 Maalim Langoni

Abaki Zosia mwanzo mwisho. Wateka wamemnyang'anya, msimulizi asiwasaidie.

#14 Kalamu ya Gede

Maalim, ukifanya hivyo msomaji hapotezi kitu. Yeye anaendelea kusoma Zosia, yuko salama, hasara ni ya kuambiwa tu. Jina la msimulizi libadilike, ila si siku lilipobadilishwa ofisini. Libadilike siku mtoto *alipoitika*. Kati ya siku hizo mbili msimulizi aendelee na Zosia huku watu wote wakisema Sofie. Kurasa kama kumi na mbili. Halafu:

*"Sofie!"*
*Zosia alikuwa akimenya viazi. Maganda yalikuwa yakianguka kwenye karai, moja refu kuliko jingine.*
*"Sofie!"*
*"Naam," akasema Sofie, akainuka.*

Basi. Usiongeze sentensi. Mkato wa aya hapo hapo, na sura iishe.

#15 Kadzo Sabaki

Hapo nasimama na Kalamu ya Gede. Na tuone Kiswahili kinaficha nini: *a-* yetu haisemi mke wala mume. Mtoto aliyefichwa kwa kuvishwa nguo za jinsia nyingine, msimulizi wetu anaweza kwenda naye kurasa thelathini bila kusema uongo hata mara moja.

#16 Maalim Langoni

Nimeisoma mara mbili ile ya viazi. Nakubali. Ila nina ombi moja kwa mwandishi: akirudi, jina la kale lisirudi kwa msimulizi siku mama anapolitamka. Lisubiri aitike mwenyewe.

#17 Mwana Mkomani

Na asipoitika?

#18 Maalim Langoni

Asipoitika abaki Sofie mpaka ukurasa wa mwisho, na mama ndiye ajifunze kumwita hivyo.